Mpaka wa Nia

Mwaka 2011 barabara ya vumbi inayotoka Mto wa Mbu kwenda Samunge, Loliondo, ilijaa magari kuliko ilivyowahi kujaa tangu ichongwe. Noah, Land Cruiser, mabasi ya abiria, malori yaliyotandikwa magodoro. Wenye uwezo walikuja kwa helikopta. Wote walikuwa wakimfuata mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Babu alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti uitwao mugariga. Akachemsha mizizi yake, akawa anagawa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Kikombe kilisemwa kinatibu kisukari, presha, kansa, pumu na Ukimwi. Sharti lilikuwa moja: ukinywe kutoka mkononi mwake. Mwingine akichimba mzizi uleule na kuuchemsha kwake, hiyo haikuwa dawa.

Babu alifariki Julai 2021, na foleni ilikuwa imekwisha zamani. Lakini sharti lile bado linanisumbua. Kama nguvu ilikuwa kwenye mzizi, mkono wa mgawaji ulikuwa na kazi gani? Mzizi haujui umechemshwa na nani. Anayejua ni mnywaji. Kwa hiyo sharti la Babu, tukilitazama bila dharau wala ushabiki, lilikuwa linakiri kwamba sehemu ya tiba inafanyika ndani ya kichwa cha mgonjwa.

Waliorudi walisimulia nafuu, na sioni sababu ya kuwaita waongo. Mtu aliyekosa usingizi kwa maumivu ya mgongo, akanywa kikombe akalala hadi asubuhi, amelala kweli. Swali ni nini kilichomlaza.

Sehemu ya jibu ilipatikana miaka mingi kabla, mahali pasipohusiana kabisa na mugariga. Mwaka 1978, huko San Francisco, Jon Levine na wenzake wawili, Newton Gordon na Howard Fields, waliwachunguza watu waliotoka kung'olewa magego. Waliwapa plasebo, yaani dawa isiyo na dawa ndani yake, na baadhi yao maumivu yakapungua. Kisha wakawapa naloksoni, dawa inayoziba milango ambayo mofini huingilia kwenye seli za neva. Maumivu yakapanda tena. Fikiri maana yake. Ikiwa naloksoni iliweza kuiondoa nafuu ile, basi nafuu haikuwa porojo wala adabu ya mgonjwa kwa daktari. Ubongo ulikuwa umejitengenezea kitu cha jamii ya mofini kwa sababu tu mwenye ubongo alitarajia kupona. Tarajio liligeuka kemikali.

Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard walikwenda mbele zaidi. Waliwachukua wagonjwa 80 wenye matumbo yanayosumbua bila kidonda kinachoonekana, wakawaambia baadhi yao waziwazi: vidonge hivi havina dawa, mmeze. Baada ya wiki tatu, asilimia 59 ya waliomeza walisema wamepata nafuu ya kutosha. Kwa wale ambao hawakupewa kidonge, asilimia 35. Hata kudanganywa hakukuhitajika. Ilitosha mtu kuketi na mtu aliyemsikiliza, akapewa utaratibu wa kufuata. Wauguzi wengi wa zahanati wanalijua hili bila kusoma utafiti wowote, japo wenye foleni ya wagonjwa mia mlangoni hawana nafasi ya kulifanya.

Hadi hapo anayesema akili inabadilisha mwili amesema kweli. Ila mwaka uleule wa kikombe ulitoka utafiti mwingine huko Marekani ambao ningependa kila aliyepanda lori kwenda Samunge ausikie. Ulihusu pumu. Wagonjwa walewale walipewa, kwa siku tofauti, pampu yenye salbutamol, pampu isiyo na kitu, na tiba ya sindano za Kichina iliyoigizwa tu; siku nyingine hawakupewa chochote. Walipoulizwa wanajisikiaje, pampu tupu na sindano za maigizo zilikaribia kulingana na dawa yenyewe: kote wagonjwa walisema kifua kimefunguka kwa kiasi cha karibu nusu. Kisha wakapulizia mashine inayopima nguvu ya pumzi. Salbutamol iliongeza pumzi kwa asilimia 20. Njia nyingine zote ziliongeza kama asilimia 7, sawa na kutopewa kitu.

Watu walewale, vifua vilevile. Mdomo unasema nimepona, mapafu yanasema bado.

Mpaka wa nia umechorwa hapo kwa usahihi ambao wanafalsafa hawakuufikia kwa karne nyingi. Nia inaweza kushusha maumivu, kutuliza kichefuchefu, kupoza hofu, kuleta usingizi. Haiwezi kutanua mirija ya pumzi iliyobana, na virusi vya Ukimwi haviulizi mwenye mwili anaamini nini. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi baada ya kikombe kwa sababu walijisikia wazima. Walijisikia wazima kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa hatari yenyewe. Wapo pia waliofia kwenye foleni.

Swali la jinsi nia inavyougusa mwili ni la zamani. Mwaka 1643, binti mfalme Elisabeth wa Bohemia, msichana wa miaka 24 aliyekuwa akiishi uhamishoni The Hague, alimwandikia Descartes barua na kumbana. Wewe unasema roho haina umbo wala haishiki nafasi, na mwili ni kitu chenye umbo. Sasa kitu kisicho na umbo kinausukumaje mwili? Descartes alijibu mara mbili na hakujibu. Mwishoni alimshauri asijichoshe sana na mambo hayo; aishi tu na kuzungumza na watu, ataona mwili na roho vimeungana. Nimesoma watu wakimsifu kwa hekima ya ushauri huo. Mimi naona alikimbia, na Elisabeth aliona hivyohivyo, maana aliendelea kumhoji.

Kilichobaki ni kujaribu kama nia inafika nje ya ngozi. Robert Jahn, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alifungua maabara mwaka 1979 ili kuona kama mtu aliyekaa mbele ya mashine inayotoa namba za kubahatisha anaweza kuzielekeza kwa kutaka tu. Maabara ilidumu hadi 2007. Alidai ameona msukumo mdogo mno, wa sehemu chache katika elfu kumi. Lakini maabara tatu, mojawapo ikiwa yake mwenyewe, ziliporudia jaribio kwa pamoja na kutoa matokeo mwaka 2000, msukumo aliouahidi haukuonekana. Dua nazo zilipimwa. Mwaka 2006 Herbert Benson na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita za Marekani. Wale walioombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa walipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 52, wasioombewa asilimia 51. Na wale walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa? Asilimia 59. Labda waliogopa: hali yangu imekuwa mbaya kiasi cha kuundiwa kundi la waombaji? (Muumini ana haki ya kusema Mungu hakai kwenye jedwali la takwimu. Nakubali. Jaribio lile halikumpima Mungu, lilipima kama nia ya mtu wa mbali inafika kwenye kidonda cha mtu asiyemjua.)

Wahamasishaji wa ukumbini na wa kwenye simu watakuambia fizikia ya kwanta imethibitisha kwamba fikra huumba mali. Haijathibitisha. Katika fizikia hiyo, chembe inabadilika tabia inapopimwa, na kupima maana yake ni chembe kukutana na chombo. Chombo hicho kinaweza kuwa kwenye chumba kilichofungwa, usiku, watu wote wamelala. Yatosha kusema hivyo. Sioni sababu ya kuwapa nafasi zaidi, isipokuwa kwa jambo moja wasilolisema.

Ukikubali kwamba wazo jema linaruka hewani likaleta gari na nyumba, umekubali pia kwamba wazo baya linaruka hewani likaua. Huwezi kununua nusu. Na sisi watu wa ukanda huu nusu ya pili tunaijua vizuri. Tuna majina yake: husuda, kijicho, jicho baya. Mtoto mnono anafungwa hirizi au kupakwa wanja kwenye paji la uso ili macho ya watu yasimdhuru. Biashara ikidorora, kuna mtu. Ng'ombe wakifa, kuna mtu.

Huyu "mtu" anatoka wapi? Nadhani anatoka kwenye wepesi wetu wa kuhukumu wema na ubaya, kwa hiyo hapa inabidi niwageukie watoto wachanga, kwa sababu ndio wanaotajwa kila panapoulizwa kama maadili ni ya kuzaliwa nayo au ya kufundishwa.

Mwaka 2007 Kiley Hamlin, Karen Wynn na Paul Bloom wa Yale waliwaonyesha watoto wa miezi 6 na wa miezi 10 mchezo mdogo. Kipande cha mbao kilichobandikwa macho kinajaribu kupanda mlima. Kipande kingine kinakisukuma juu kukisaidia, cha tatu kinakirudisha chini. Kisha mtoto anapewa achague cha kushika. Wa miezi 6 wote 12 walichagua msaidizi. Wa miezi 10 walimchagua 14 kati ya 16. Habari ilizunguka dunia: mtoto asiyejua hata kutambaa vizuri anampenda mwema na kumkataa mbaya. Wahubiri walifurahi, walimu wa falsafa wakafurahi. Mwishoni mwa 2024 yakatoka matokeo ya marudio makubwa, maabara 37, watoto zaidi ya 1,000, safari hii kwa video. Watoto walichagua nusu kwa nusu, kama mtu anayerusha shilingi. Huenda video haikuwavuta kama vipande halisi. Lakini aliyekuwa amejenga hekalu juu ya wale watoto 28 ana sababu ya kuutazama tena msingi wake.

Kuna ushahidi ulio imara kidogo kuhusu watoto wakubwa zaidi. Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba mtoto wa miezi 18, akimwona mgeni aliyeangusha kibanio cha nguo na hakifikii, humwokotea bila kuombwa wala kuahidiwa peremende. Huruma ya namna hiyo inajitokeza mapema mno kuweza kuitwa matunda ya viboko vya mwalimu. Naamini ipo. Ila nadhani jaribio linalotueleza zaidi ni lingine kabisa, la watu wazima, na limekaa pembeni katika mazungumzo haya.

Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi. Ndani yake kuna pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara, vinazungukazunguka kwenye sanduku lenye mlango. Hakuna sauti, hakuna uso. Karibu wote walipoambiwa waeleze walichokiona, walisimulia mkasa: pembetatu kubwa ni mnyanyasaji, duara ameogopa, mdogo anampigania. Walikuwa wameona maumbo ya hesabu, wakatoa hukumu ya kesi.

Hilo ndilo nadhani tunazaliwa nalo, au angalau tunalipata mapema kiasi kwamba hatukumbuki kulijifunza: wepesi wa kuona nia nyuma ya kila kinachosogea, na wepesi wa kugawa wema na ubaya papo hapo. Tunauita dhamiri. Ni mali ya thamani, maana bila hiyo hakuna anayemwokotea mgeni kibanio. Lakini ni hiyohiyo inayokaa matangani usiku wa tatu, mtoto amekufa kwa homa, na kuuliza ni nani.

Katika nchi ya Wasukuma jibu limekuwa, kwa miongo mingi, bibi mwenye macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi. Miaka 50 ya kupikia kuni na samadi kavu kwenye jiko lisilo na dirisha humfanya mtu yeyote awe hivyo. Huko Kilifi, Kenya, limekuwa mzee mwenye mvi, na wapo waliopaka piko kichwani ili waonekane vijana na kuachwa waishi. Ganze kuna mahali panaitwa Kaya Godoma ambapo wazee waliokimbia watoto wao wa kuwazaa wamepewa hifadhi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba la urithi, na anayenoa panga anajua analolitafuta. Lakini hata huyo mwenye tamaa anahitaji majirani wanyamaze, na majirani wananyamaza kwa sababu wanaamini kweli kwamba chuki ya bibi, akiwa amekaa nyumbani kwake bila kugusa mtu, ilivuka boma na kuingia kwenye damu ya mtoto.

Angalia jinsi vitu viwili vilivyoungana. Dhamiri ya kuzaliwa nayo imetoa hasira ya haki, na imani ya nia inayoruka imeipa hasira hiyo mtu wa kumshukia. Wauaji wa bibi hawajioni waovu. Wanajiona wanatetea mtoto.

Wazande wa mpakani mwa Sudan Kusini na Kongo walilifikiria jambo hili kwa undani kuliko wengi. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937, alieleza ghala lililowaangukia watu waliokuwa wamepumzika chini yake. Wazande walijua kabisa mchwa ndio waliokula nguzo. Walichouliza ni kwa nini liliwaangukia hawa, saa hii. Jibu lilikuwa mangu, kitu walichoamini mtu anarithi tumboni, kinachoweza kudhuru hata mwenyewe akiwa hajui. Kwa mtuhumiwa wa maradhi palikuwa na utaratibu: analetewa bawa la kuku aliyekufa kwenye ramli ya sumu, analipulizia maji, anasema hana kinyongo na mgonjwa, na kama mangu imo ndani yake basi ipoe. Baada ya hapo watu hurudi majumbani. Siamini mangu. Lakini naona desturi hiyo iliweka kitu katikati ya hasira na kisu: kikombe cha maji, maneno ya upole, muda. Hawakumaliza wepesi wa kushutumu, waliufunga breki.

Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185, aliandika hadithi ya Hayy ibn Yaqzan, mtoto aliyelelewa na swala kisiwani bila binadamu hata mmoja. Swala alipokufa, Hayy alimpasua kifua kutafuta kilichokuwa kinamfanya atembee, akakuta chumba kitupu moyoni. Akakua peke yake kwa kutafakari hadi akamjua Mungu, na akawa anaondoa hata kizuizi kinachoukinga mmea usipate jua. Waislamu wanaosoma hadithi hiyo huona ndani yake fitra, ule usafi wa asili ambao mtoto huja nao duniani. Ni hadithi nzuri. Kinachonivutia ni sehemu isiyotajwa sana: Hayy alipokwenda kisiwa cha watu kuwafundisha, alishindwa, akarudi kwake. Uadilifu wake haukuwahi kujaribiwa na jirani mwenye shamba la mpakani.

Jaribio la jirani lilifanywa baadaye sana. Watafiti walioongozwa na Joseph Henrich walipeleka michezo ya kugawana fedha kwa jamii ndogo 15 duniani, zikiwemo za Wahadzabe wa Tanzania na Waorma wa Mto Tana. Kama haki ingekuwa imeandikwa moyoni kwa mwandiko mmoja, mgao ungelingana. Haukulingana. Walamalera wa Indonesia, wanaovua nyangumi kwa kushirikiana ngalawani, walitoa zaidi ya nusu. Wahadzabe, ambao wanagawana nyama kila siku lakini kwa kudaiana na kunung'unika, walitoa kidogo na kukataliwa mara nyingi. Kwa Waorma, Jean Ensminger alileta mchezo wa kila mtu kuchangia mfuko wa pamoja. Walipoelezwa kanuni waliutambua mara moja: hii ni harambee. Wakachanga zaidi ya nusu ya walichokuwa nacho. Hakuna aliyezaliwa na harambee. Ni shule, zahanati na visima vilivyojengwa kwa kuchangishana, mbele ya macho ya watu, vilivyoifundisha mikono yao lini itoe.

Msimamo wangu ni huu. Tunazaliwa na huruma na tunazaliwa na haraka ya kuhukumu, na havitenganiki. Nia ya mtu inatawala ndani ya ngozi yake kwa nguvu ambayo daktari asiidharau, na nje ya ngozi haina njia ila ulimi na mikono. Bibi wa Usukuma anaweza kumchukia jirani yake usiku kucha na chuki hiyo isitoke mlangoni. Chuki ya vijana wanaokwenda kwake saa nane usiku inatoka, kwa sababu imeshika panga.

Kenya ina sheria ya uchawi ya mwaka 1925, na Tanganyika ilitungiwa ya kwake mwaka 1928. Ile ya Kenya inamtia hatiani pia anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi bila kupeleka tuhuma kwa wenye mamlaka, na bado wazee wamechomwa moto Kisii na kukatwa Kilifi. Sheria haiketi mkekani matangani. Tunaoketi ni sisi. Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma: sauti ya kwanza itakapouliza ni nani aliyemfanyia hivi marehemu, usinyamaze. Uliza alipimwa nini hospitalini, alipelekwa siku ya ngapi ya homa, na cheti chake kimeandikwa nini. Uliza kwa sauti, mbele ya wazee, kabla watu hawajaanza kutawanyika.